Safari ya gari milimani kutoka Mtwara au Lindi: Newala, Umatengo au Makete?

Mwenye gari wa Mtwara au Lindi anayetaka kuona milima kati ya Septemba na Novemba ana njia tatu za kuchagua. Ya kwanza ni mzunguko wa uwanda wa Makonde: Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi, kisha kurudi kwa lami ya Ndanda na Mnazi Mmoja. Ya pili inafuata barabara kuu ya kusini hadi Songea, inapanda Umatengo, nchi ya milima ya Wamatengo, pale Mbinga na kushukia Ziwa Nyasa, Mbamba Bay. Ya tatu inaachana na ya pili hapo Songea, inapanda Lukumburu kwenda Njombe na kuishia Makete, jirani na hifadhi ya Kitulo.

Kwa mwenye haraka ya jibu: siku tatu zinatosha Newala tu. Ukiwa na siku sita au saba nenda Umatengo, na hiyo ndiyo njia tunayoipendekeza kwa watu wengi msimu huu. Makete isubiri mvua, kwa sababu wengi huiendea kwa ajili ya maua ya Kitulo, na Oktoba maua hayo bado.

| | Newala | Umatengo | Makete |
|---|---|---|---|
| Kwenda na kurudi kutoka Mtwara | km 410 hivi | km 1,650 hivi | km 2,000 hivi |
| Siku | 2 hadi 3 | 6 hadi 7 | 8 hadi 9 |
| Barabara | lami, na vipande vya ujenzi | lami mwanzo mwisho | lami hadi Makete, udongo Kitulo |
| Gari la chini | linapita kwa uangalifu | linapita | mwisho Makete mjini |
| Petroli, gari la km 12 kwa lita | lita 40 | lita 145 | lita 180 |
| Petroli, gari la km 9 kwa lita | lita 50 | lita 195 | lita 240 |
| Nguo | shati la mikono mirefu jioni | sweta | koti zito na soksi |

Hesabu za mafuta zimeongezewa kidogo kwa mizunguko ya huko uendako. Bei zidishia mwenyewe: EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kwa safari ya lita 145 tofauti ya wiki moja inaweza kuonekana mfukoni.

Kwa nini Septemba hadi Novemba

Kusini hatuna vuli ya kuaminika kama ya Tanga au Pwani. Mvua yetu ni msimu mmoja, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Kwa hiyo miezi hii mitatu barabara za udongo ni kavu, mito iko chini, na baridi ya usiku milimani si ya kutisha kama Juni na Julai.

Zawadi ya msimu huu ni miyombo. Miti hii haisubiri mvua. Kuanzia mwishoni mwa Agosti inatoa majani mapya wakati ardhi bado imekauka kabisa, na majani hayo hutoka mekundu. Mengine ni ya rangi ya shaba, mengine ya zambarau iliyoiva, na baada ya wiki chache yote yanageuka kijani. Simama pembeni mahali penye nafasi, shika tawi moja la chini: jani jipya ni laini, limelegea, na ukiliweka mbele ya jua unaona mishipa yake yote. Kutoka Mangaka hadi Namtumbo msitu huu unakufuata pande zote mbili za lami kwa mamia ya kilomita. Anayekwenda Newala tu anakosa sehemu kubwa ya hili, kwa sababu juu ya uwanda wa Makonde mikorosho na mashamba vimechukua nafasi kubwa.

Kasoro ya msimu ni moshi. Septemba na Oktoba watu wanachoma mashamba na nyika, na hewa inajaa ukungu wa kijivu unaoficha mabonde. Ukifika ukingoni pa Newala saa 6 mchana katikati ya Oktoba unaweza usiione Msumbiji kabisa. Dawa ni mbili: kuwa kwenye mandhari kabla ya saa 3 asubuhi, au kusogeza safari hadi baada ya manyunyu ya kwanza ya Novemba, ambayo huosha hewa ndani ya usiku mmoja. Manyunyu hayo hayajaharibu barabara bado. Kama likizo yako inaruhusu kuchagua wiki, wiki ya pili na ya tatu ya Novemba tungeziweka mbele ya Oktoba kwa mwenye kamera, na Septemba mbele kwa anayetaka miyombo myekundu.

Newala: milima midogo, mandhari makubwa

Uwanda wa Makonde umeinama. Kutoka upande wa bahari unapanda taratibu sana, hata dereva hasikii, mpaka unakaribia mita 900 upande wa magharibi, kisha ardhi inakatika ghafla na kuwa genge. Newala imekaa kwenye ukingo huo. Chini yake kuna bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Mahali panapoitwa Shimo la Mungu ndipo penye mandhari ya safari nzima.

Kwa sababu ya mwinamo huo, zungukia kwa kuanzia Mtwara na kumalizia Masasi, usigeuze. Ukipitia Tandahimba gari linapanda bila jasho na bonde linakufungukia mwishoni. Ukianzia Masasi unapanda upande mkali gari likiwa limejaa, na mandhari yote inabaki nyuma yako. Mtwara hadi Newala ni kilomita 140 hivi, Newala hadi Masasi kama 70, na Masasi hadi Mtwara kwa kupitia Mnazi Mmoja karibu 200.

Lala Newala. Watu wengi hufanya kosa la kuifanya Newala mahali pa kula mchana, wakafika saa ambayo jua liko utosini na ukungu umejaa. Mandhari ya hapo ni ya saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi, jua likiwa nyuma yako na mwanga ukiingia bondeni kwa mshazari. Watoto washikwe mikono, na usikaribie ukingo ukiwa na kandambili, kwa kuwa changarawe ya pale huteleza. Kushuka hadi ukingo wa Ruvuma si jambo la kujiamulia: mto ni mpaka wa nchi na ulinzi upo. Beba kitambulisho, na piga hodi kwanza ofisi ya kijiji.

Barabara ndiyo inayohitaji kuulizia. Kilomita 50 za mwanzo, Mtwara hadi Mnivata, zimekwisha kuwekwa lami. Kilomita 160 zilizobaki hadi Masasi zimekuwa zikijengwa vipande vipande, na kila kipande cha ujenzi kina mchepuko wake wa vumbi. Vumbi la Umakonde ni jepesi mno. Funga vioo, weka hewa ya ndani izunguke, na acha nafasi ya kutosha nyuma ya lori ili uone linapofunga breki. Ukirudi kung'uta ea klina, utashangaa. Kwenye mchanga mzito punguza upepo wa matairi hadi psi 20 hivi na uende mwendo mmoja bila kusimama, kisha ujaze upya kabla ya kukanyaga lami.

Maji ni jambo jingine. Juu ya uwanda hakuna mito. Mvua inazama mchangani na kutokea chini kwenye chemchemi za mabondeni, na kwa miaka mingi maji ya Newala na Tandahimba yamekuwa yakisukumwa na pampu kutoka bondeni Mitema. Oktoba ni mwezi wa shida ya maji. Jaza madumu yako Mtwara: lita 10 za rejeta na kunawa, na ya kunywa mbali.

Wakati wa kurudi, Masasi inastahili saa mbili za mchana. Vilima vyake vya mwamba vimesimama peke yake kwenye tambarare, na chini yake ndipo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walipoanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru mwaka 1876. Ndanda, kama kilomita 40 mbele ukielekea Mnazi Mmoja, imekaa chini ya genge la uwanda ule ule uliotoka kuushuka. Wabenediktini walianza pale mwaka 1906, na kuna maji baridi yanayoshuka kutoka mlimani.

Umatengo: hapa ndipo pesa inaporudi

Kwanza tuseme ukweli kuhusu njia hii. Mlima hauchoshi, kinachochosha ni kilomita 650 zinazoutangulia. Mtwara hadi Masasi 200, Masasi hadi Mangaka 54, Mangaka hadi Tunduru 137, Tunduru hadi Songea kama 265. Yote ni lami nzuri, na ubora huo ndio unaodanganya watu. Wanapiga hesabu ya saa 8 mpaka Songea, wanasahau kwamba kila kijiji kina kibao cha 50, matuta na trafiki wenye tochi. Wastani halisi ni kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni saa 11 za usukani bila kula.

Tena unaelekea magharibi. Kuanzia saa 9 alasiri jua linakupiga usoni moja kwa moja hadi lizame, na kioo chenye vumbi kwa ndani kinageuka ukuta mweupe. Futa kioo cha mbele kwa ndani kila asubuhi, kitu ambacho wengi hawafanyi. Giza likiingia mambo yanazidi kuharibika: malori yaliyoharibika yanasimama barabarani yakiwa yametandaziwa matawi tu, na kati ya Tunduru na Namtumbo barabara inakatiza ushoroba wa wanyama wa kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji. Tembo wanavuka hapo. Hakuna sababu yoyote ya mtu wa matembezi kuwa barabarani pale usiku.

Kwa hiyo gawa safari kwa kuigemeza Tunduru:

Siku ya 1, toka Mtwara saa 12 asubuhi, lala Tunduru. Anayetoka Lindi anaokoa karibu kilomita 60, maana Lindi hadi Mnazi Mmoja ni kilomita 25 tu.
Siku ya 2, Tunduru hadi Songea, ufike mchana.
Siku ya 3, Songea hadi Mbinga, kilomita 100 hivi.
Siku ya 4, Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66.
Siku ya 5, pumzika ziwani.
Siku ya 6 na ya 7, rudi kwa kulala Tunduru tena.

Mwenye siku sita aondoe siku ya 5, lakini ajue kwamba Mbamba Bay hadi Tunduru ni kilomita 430 na ndiyo siku ngumu kuliko zote.

Malori ya makaa ya mawe ndiyo mapya ya barabara hii. Yanatoka Ngaka, wilaya ya Mbinga, yanaingia barabara kuu pale Kitai na kuja hadi bandari ya Mtwara. Utapishana nayo siku nzima. Yakiwa yamebeba huenda taratibu kwenye vilima na yanafuatana, kwa hiyo usijaribu kupita mawili kwa mkupuo. Pita moja, ingia katikati, subiri. Dereva wa lori akikuwashia indiketa ya kulia mara nyingi anakuonya kuna gari linakuja; ya kushoto anakuruhusu. Hata hivyo macho yako ndiyo yaamue. Madereva hawa hawa ndio wenye habari za barabara. Wakisimama kula Mangaka au Namtumbo, msalimie mmoja, "Shikamoo mzee, huko mbele kukoje?", na utapata taarifa ya asubuhi hiyo hiyo ambayo ramani ya simu haina. Mtandao wenyewe hukatika njiani, kwa hiyo pakua ramani kabla ya kuondoka Masasi.

Jaza mafuta Masasi, Tunduru na Songea hata kama tenki liko nusu. Kati ya Tunduru na Namtumbo usisimame na vioo wazi kwenye msitu mnene, kwani mbung'o wapo na huumiza.

Songea ipe mchana mzima. Makumbusho ya Majimaji yako mjini, mahali ambapo mashujaa wa Vita vya Majimaji walinyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Milima ya Matogoro iliyo kando ya mji ndiyo inakoanzia Ruvuma, mto ule ule unaoonekana kutoka gengeni Newala. Ukielekea Mbinga, kanisa la abasia ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, liko kando kidogo ya barabara na linastahili nusu saa.

Baada ya hapo milima inaanza kweli. Umatengo ni miteremko mikali iliyolimwa karibu yote, na namna ilivyolimwa ndiyo sababu ya kuja. Wamatengo wanalima ngoro. Mwishoni mwa mvua nyasi zinafyekwa na kupangwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, ikatoka miraba ya mita moja na nusu hadi mbili. Udongo wa katikati ya kila mraba unachimbwa na kufukiwa juu ya nyasi, nyasi zinaozea ndani, na katikati kunabaki shimo. Kazi ya kufyeka na kupanga nyasi kwa desturi ni ya wanaume, na ya kuchimba ni ya wanawake. Maharage hupandwa kwenye kingo, kisha mahindi mvua ikianza. Mvua kubwa ikipiga, kila shimo linashika maji yake na udongo wake, na mteremko ambao kwingine ungekuwa umemomonyoka zamani bado unalisha watu.

Kati ya Septemba na Novemba mahindi hayajafunika kitu, kwa hiyo mashimo yanaonekana safu kwa safu kutoka bondeni hadi kileleni. Mwanga mzuri ni wa saa 10 na nusu jioni, jua likiwa chini na kila shimo likiwa na kivuli upande mmoja. Saa 7 mchana mlima ule ule unaonekana bapa. Ukitaka kuingia shambani omba ruhusa, na tembea kwenye kingo pale tu mwenye shamba anapokuonyesha. Ukingo mmoja uliobomolewa kwa kiatu unapitisha maji ya mashimo yote ya juu yake.

Kahawa ya Mbinga nayo ni arabika. Septemba utakuta bado inaanikwa kwenye vichanja. Manyunyu ya kwanza yakinyesha, mibuni inachanua maua meupe yenye harufu nzito, na maua hayo hayakai. Ndani ya siku chache yamenyauka. Ukiambiwa Mbinga mvua imenyesha juzi, ondoka Songea asubuhi.

Kutoka Mbinga mjini, kwenye mita 1,300 na zaidi, barabara inashuka hadi ziwani, chini ya mita 500. Ni lami ya kona tupu, na ndiyo sehemu pekee ya njia hii inayopima gari. Mbamba Bay yenyewe ni joto, mchanga, mawe makubwa majini na jua linalozama ziwani upande wa Malawi. Kula mbasa na dagaa wa Nyasa. Kuogelea uliza wenyeji wapi pana usalama, kwa kuwa mamba na kichocho si hadithi, na epuka maji yaliyotulia yenye majani. Lala ndani ya chandarua.

Makete: nzuri, lakini si sasa

Kutoka Songea hadi Njombe ni kilomita 237 hivi, na Njombe hadi Makete 107, zote lami. Njia inapita Madaba, inapanda Lukumburu kwa kona kali, na baada ya hapo hali ya hewa inabadilika kabisa: chai, misindano, miwati, parachichi pembeni mwa barabara, na baridi. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kwa nyuzi 6 hadi 7. Mtu aliyetoka Mtwara kwa fulana atatetemeka Njombe saa 1 jioni hata Oktoba. Kati ya Njombe na Makete ukungu hushuka ghafla asubuhi na jioni; washa taa za chini, si za juu, maana za juu hurudisha mwanga usoni mwako, na kaa upande wako hata kama barabara inaonekana tupu.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, nyanda ya mita 2,600 ambayo watu huiita Bustani ya Mungu. Maua yake, yakiwemo ya okidi za aina nyingi, huchanua kati ya Desemba na Aprili. Oktoba utakuta nyasi kavu, upepo na mandhari mapana, basi. Na tatizo ni kwamba wakati wa maua ndio wakati wa tope: barabara za huko juu ni za udongo na zinahitaji gari la kuvuta magurudumu manne. Mwenye gari dogo akiambiwa "njoo Kitulo" anapaswa kupanga kuliacha Makete na kukodi gari la mwenyeji. Malipo ya kiingilio ni kwa kadi au namba ya malipo, kwa hiyo usitegemee fedha taslimu.

Tunaielekeza njia hii kwa watu wawili tu msimu huu: anayetaka baridi na misitu kwa kweli, na mwenye ndugu Njombe ambaye hatahesabu gharama ya kulala.

Gari lako na mteremko

Gari linaloharibika kwenye safari hizi mara nyingi huharibika likishuka, si likipanda. Dereva wa gari la otomatiki anaacha gia D na kukalia breki kutoka juu hadi chini. Diski zinapata moto, moto unahamia kwenye oili ya breki, na oili ikichemka inatoa mapovu. Mapovu yanaminyika, ndiyo maana pedali inakuwa laini na kuzama. Oili ya zamani huchemka mapema kwa sababu imenyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Kama ina zaidi ya miaka miwili, ibadilishe kabla ya kutoka, na pedi zilizobaki chini ya milimita 4 zitoe.

Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Kwa otomatiki zima O/D (overdrive), kisha ingia 2 au L mteremko ukikaza. Gari lenye alama ya B tumia hiyo. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo upungue, achia kabisa, zipoe. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali pana, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, subiri nusu saa. Usimwage maji kwenye diski, zitapinda. Pedali ikizama kabisa ukiwa unatembea, pampu haraka, teremsha gia, vuta breki ya mkono kidogo kidogo, na kama haitoshi lielekeze gari upande wa ukuta wa mlima, kamwe si upande wa bonde.

Kupanda, injini ya petroli isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Mshale wa joto ukianza kupanda zima AC, fungua hita hadi mwisho, punguza mwendo. Mfuniko wa rejeta usiuguse kabla injini haijapoa.

Matairi: soma namba nne za mwisho pembeni, wiki na mwaka. Yaliyozidi miaka sita yasiende, hata kama kashata zake bado nene. Na lishushe tairi la akiba ulipime upepo ukiwa nyumbani. Pamoja nalo jaribu jeki na spana kama kweli vinafungua nati zako.

Korosho, vyumba, na njia tulizoziacha

Oktoba hadi Desemba ni msimu wa korosho. Minada ikianza, Tandahimba, Newala na Masasi zinajaa wanunuzi, madereva na wakulima waliolipwa, na gesti nzuri huisha kabla ya jioni. Piga simu siku tatu kabla. Tunduru na Mbinga hali ni nafuu. Malori ya korosho hujazwa kwa kimo, kwa hiyo usikae sambamba nayo kwenye kona.

Lushoto tumeiacha makusudi. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 900, na unalazimika kupita Dar es Salaam; halafu barabara ya Lindi hadi Dar ilikatwa na mafuriko Mei 2024 maeneo ya Somanga, na mvua kubwa ikianza ni vizuri kuulizia hali yake. Ndiyo, kona za Mombo hadi Lushoto ni nzuri, lakini vuli ya Tanga inaanza Oktoba, na utakuwa umeacha ukavu wa kusini ukafuate mvua.

Mkazi wa Lindi mwenye siku moja tu anayo Rondo, uwanda wenye msitu wa hifadhi kaskazini mwa barabara ya Mnazi Mmoja hadi Masasi, makazi ya komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku wa jamii ya nyani, miongoni mwa walio hatarini zaidi duniani. Njia ya kupanda ni ya udongo na mwinuko mkali, gari la juu ni lazima, na uondoke Lindi alfajiri ili ushuke kabla ya giza. Habari za kibali cha kuingia msituni ziulizie ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, siku moja kabla.